Kinachookotwa huisha, kinachofugwa hubaki: neno langu juu ya kamba wa vijito vyetu

KASONGO – Leo siandiki juu ya barabara wala juu ya bei ya mchele. Naandika juu ya mnyama mdogo kuliko kidole chenu cha mwisho. Najua wengine watacheka. Chekeni kwanza, kisha msome hadi mwisho.

Mnyama mwenyewe ni kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi. Ni kamba wa majini, ndugu mdogo wa wale ambao wenzetu wa Kinshasa huwaita kosakosa. Huyu wetu ana urefu wa sentimeta mbili au tatu, mwili wake unapitisha mwanga kama kioo, na anaishi chini ya majani yaliyooza kwenye vijito. Mama akichota maji asubuhi na mapema, humkuta ndani ya ndoo na kumtupa. Watoto humvua kwa ungo na kumchanganya na dagaa. Hana bei sokoni, na hakuna anayemwita mali.

Tangu mwaka jana ninawafuga nyumbani. Mwanangu alileta sita ndani ya kopo la maziwa, nikawaweka katika chupa kubwa ya kioo, baadaye katika beseni. Jirani mmoja, papa ninayemheshimu, alinipa jina: Mwandishi Anayefuga Mboga. Kila akipita aliniuliza nitawakaanga lini. Nilicheka naye. Sikuwa na jibu la maana. Niliwapenda tu, basi.

Jibu lilikuja wakati wa kiangazi. Usiku mmoja mtu alimwaga dawa ya kuua wadudu wa shamba sehemu ya juu ya kijito chetu, apate samaki kwa urahisi. Asubuhi samaki walikuwa wanaelea matumbo juu. Watu walikimbia na vikapu, wakaokota, wakala. Ilipofika saa sita mchana, maji yalikuwa kimya. Niliinua majani pale ambapo mwanangu aliwakamata wale sita. Niliwakuta kamba kwa mamia, wamelala upande, weupe kama wali. Mvua iliporudi nilikwenda tena na ungo, mara tatu, sehemu tatu. Sikupata hata mmoja. Kamba wa kijito kile waliobaki hai, kwa ninavyojua mimi, ni wale wa beseni langu.

Tangu siku hiyo papa jirani haniulizi tena habari ya kukaanga.

Ndugu zangu, neno langu ni moja, na nitalisema bila kuzunguka: sisi watu wa Maniema ya kusini tumezoea kuokota. Tunaokota mpaka kitu kinaisha, kisha tunahama au tunalalamika. Anayefuga au kupanda tunamcheka. Na historia yetu yote inatuonyesha nani alikuwa na haki.

Tazameni nyuma kidogo. Zamani za Tippu Tip, njia ya kutoka Kasongo kupitia Kabambare hadi Ziwa Tanganyika na Ujiji ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Livingstone mwenyewe alilala mgonjwa Kabambare kati ya mwaka 1870 na 1871 na kuyaandika aliyoyaona. Pembe zile ziliokotwa, zikabebwa, zikauzwa mbali. Leo watoto wengi wa Kasongo wanamjua tembo kwa picha ya buku la shule. Baada ya pembe ukaja mpira wa msituni, enzi za Leopold. Nao ulichumwa kwa fimbo na kwa damu, ukaisha. Lakini watu wale wale wa pwani walioleta minyororo walileta pia mpunga. Mpunga haukuokotwa. Ulipandwa, mbegu ikatunzwa, mtoto akaonyeshwa na mama yake. Pembe zimekwisha, mpira umekwisha, na mchele wa Kasongo tunaula hadi leo. Je, tunahitaji mwalimu mwingine?

Sasa mtasema: mpunga unashibisha, kamba wako anafaa nini? Nitajibu kwa kuanzia mbali kidogo, kisha nitarudi kwenye kijito.

Huko Asia, Ulaya na Marekani kuna watu maelfu wanaofuga kamba wadogo kama wetu ndani ya masanduku ya kioo majumbani mwao, kwa kuwatazama tu, kama wengine wanavyofuga ndege. Anayeuzwa zaidi ni kamba mwekundu ambaye asili yake ni vijito vya China na nchi za jirani. Kule porini hakuwa mwekundu. Alikuwa wa rangi ya udongo, na madoa kidogo, kama huyu wetu. Wafugaji walichagua wale wenye wekundu kidogo, wakawazalisha pamoja, wakachagua tena, kizazi baada ya kizazi, mpaka akawa mwekundu kama pilipili. Kamba mmoja huko Ulaya huuzwa kwa euro mbili au tatu. Mjapani mmoja, Hisayasu Suzuki, miaka ya 1990 alipata kamba mwekundu katikati ya kamba wake wenye mistari meusi na meupe. Alimtenga, akazalisha, akangoja. Uzao ule leo unajulikana dunia nzima. Bwana huyo hakuwa na mgodi. Alikuwa na maji safi, macho na subira.

Sisemi kwamba kesho kijana wa Kipaka au wa Wamaza atatajirika kwa kamba. Atakayewaambia hivyo ni tapeli, mfukuzeni. Hapa kwetu hakuna mnunuzi, umeme ni wa kubahatisha, na kifurushi cha wanyama hai kinachopita barabara ya Kindu wakati wa mvua kitafika kikiwa maiti. Ninalosema ni kwamba thamani haimo ndani ya kamba. Imo ndani ya kujua kumzalisha. Mwenye ujuzi huo ana mali. Mwenye kijito tu, ataokotewa.

Na mambo hayo yametokea jirani. Ukitoka Kabambare ukaelekea mashariki, unafika Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina aina zaidi ya kumi za kamba wadogo ambao hawapatikani pengine popote duniani. Wazungu walianza kuwaandika katika vitabu vyao tangu mwaka 1899. Lina pia samaki wa rangi. Kuanzia miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa Bujumbura akiwasafirisha samaki hao wakiwa hai kwenda ng'ambo, na wengine wakafuata njia yake katika nchi zote za ziwa. Leo wafugaji wa samaki wa Ujerumani au Marekani wanataja Moba, Moliro, Kapampa na kisiwa cha Kavala kama sisi tunavyotaja timu za mpira. Hayo ni majina ya vijiji na pwani za Kongo yetu, yaliyobandikwa kwenye samaki kama jina la kiwanda kwenye shati. Wengi wa samaki hao sasa wanazaliwa huko huko, ndani ya vioo vya Ulaya na Asia. Wakishazaliwa huko, nani atamhitaji tena mpiga mbizi wa Moba? Jina limebaki letu. Kazi imekwenda kwao. Siwalaumu wao waliojifunza kuzalisha. Ninatulaumu sisi tuliojifunza kushika wavu tu.

Msikilizeni na mfano wa Indonesia, kwa sababu unafanana na wa kwetu mpaka unatisha. Katika kisiwa cha Sulawesi kuna ziwa linaloitwa Matano. Humo aliishi kamba mwekundu mwenye vidoa vyeupe, ambaye wataalamu walimpa jina la Caridina dennerli mwaka 2009. Wapenzi wa kamba duniani walimtaka sana, akakamatwa, akasafirishwa. Pembeni mwa ziwa, huko Sorowako, kuna mgodi mkubwa wa nikeli. Watu wakamwaga ziwani samaki wageni, walao nyama. Leo kamba huyo amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka porini, lakini ndani ya vioo vya wafugaji wa Ulaya anaendelea kuzaa. Fikirini maana yake. Mtoto wa Matano akitaka kumwona kamba wa babu yake, huenda itambidi aende Ujerumani.

Na sisi je? Sisi tuna Salamabila na Namoya. Tuna wachimba zahabu wanaoosha udongo ndani ya vijito mpaka maji yanakuwa mekundu kama chai ya maziwa, na zebaki juu yake. Tope lile hushuka na kufunika majani ambayo kamba anakula na kujificha. Sisemi wachimbaji wafe njaa. Wengi ni ndugu zangu, na sijasahau kwamba shule ya watoto inalipwa na mchanga ule. Lakini kuosha udongo ndani ya kijito chenyewe na kuosha ndani ya shimo lililochimbwa pembeni, ni mambo mawili tofauti. La pili linataka jembe na siku mbili za kazi. Hatufanyi kwa sababu hakuna anayetuuliza.

Halafu kuna vyandarua. Serikali na mashirika walitugawia mustikeri ili watoto wasife kwa malaria. Tumezishona kuwa nyavu. Tundu la chandarua halimwachi hata yai la samaki. Na zaidi ya hapo, chandarua kimepakwa dawa ya kuua mbu, na dawa ya namna hiyo humuua kamba kwa kiasi kidogo sana, kwa sababu kamba na mdudu ni jamaa wa mbali. Kwa hiyo chandarua kipya kikipita kijitoni kinavua kile kinachonaswa na kinaweza kuua hata kile kilichoponyoka. Usiku mtoto analala bila chandarua, mchana kijito kinakufa kwa chandarua kile kile. Tumepoteza mara mbili kwa kitambaa kimoja.

Wazee wananiambia: hata sisi tulivua kwa utupa, na samaki hawakuisha. Ni kweli, wazee wangu. Lakini nyinyi wenyewe mmenisimulia kwamba utupa ulipondwa kwa siku iliyopangwa, sehemu iliyotajwa, kijiji kizima kikiwepo, na mwaka uliofuata sehemu ile iliachwa ipumzike. Leo mtu mmoja anakuja usiku na chupa iliyonunuliwa dukani, hamwambii mtu, na wiki ijayo anarudi. Huo si urithi wenu. Ni wizi uliovaa koti lenu.

Sasa turudi kwenye swali la faida. Kamba anakula majani yaliyooza na ukungu wa kijani kwenye mawe. Samaki wanamla yeye. Kamba akiondoka, mezani kwa samaki pameondoka sahani. Tena yeye ni kati ya wa kwanza kufa maji yakiharibika, mapema kuliko samaki wengi, mapema kuliko ng'ombe, mapema kuliko mtoto wako. Mwenye beseni la kamba akiwatilia maji ya kijito na wakafa wote kwa usiku mmoja, ana habari ambayo hakuna ofisi itakayomletea. Katika shule zetu nyingi hakuna maabara, hakuna darubini. Mwalimu anaandika ubaoni neno la Kifaransa la mnyama asiyemwona, na mtoto ananakili. Chupa moja ya kioo yenye kamba kumi ni somo la mwaka mzima: yai, uzazi, chakula, kifo, maji safi na maji machafu. Bei yake ni sifuri.

Na kufuga kwenyewe si uchawi. Nimejifunza kwa makosa, nawapa bure. Chombo kiwe cha kioo au cha plastiki, cha lita ishirini au zaidi, kisichowahi kutiwa sabuni wala dawa. Msitumie chungu cha shaba, maana shaba ni sumu kwa kamba. Chini mtie mchanga wa kijito, juu yake majani makavu ya mwembe au mpera na majani ya majini yaliyo hai. Kiwekeni kivulini, mahali penye mwanga bila jua kali. Maji yakae siku kadhaa ndipo kamba waingie, wachache kwanza. Msiwalishe kila siku: jani lenyewe ni chakula, na anayewajaza ugali anawaua kwa uvundo. Kila wiki toeni sehemu moja ya tano ya maji, mrudishe maji yaliyotulia. Msichanganye na samaki, maana watoto wa kamba wataliwa. Na nyumbani msipulize dawa ya mbu karibu na chombo. Jike mwenye mayai utamwona: ameyabeba chini ya tumbo kama mama aliyebeba zabibu ndani ya kitenge. Baada ya wiki tatu au nne hutoka watoto wadogo kama uzi, lakini wana umbo kamili la mama yao. Wako aina ya kamba wanaohitaji maji yenye chumvi ili watoto wakue. Wetu wako mbali sana na bahari. Maisha yao yote ni ya maji baridi, na hiyo ni neema kwa mfugaji.

Kuna mama mmoja aliniuliza swali la haki: maji yaliyosimama ndani ya nyumba, hutatuzalishia mbu? Ndiyo, mama, yanaweza. Funika chombo kwa kitambaa chepesi cha kawaida. Lakini kisiwe kipande cha chandarua chenye dawa, maana utaamka asubuhi na mazishi.

Nina onyo moja kwa wapenzi wenzangu, hasa vijana walioko ng'ambo ambao siku moja watataka kuniletea wale wekundu wa China. Asanteni, msilete. Mnyama mgeni akitoroka, harudi. Kule Kenya, Ziwa Naivasha lilitiwa kamba wakubwa wa Marekani mwaka 1970, wakala mayungiyungi ya ziwa mpaka sura ya ziwa ikabadilika. Na hata wa kwetu, msiwahamishe kutoka kijito cha Samba kuwapeleka Lusangi. Kila kijito na watu wake.

Basi ninadai nini? Sitadai mradi wa dola milioni. Sheria tunazo tayari. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na inamwekea wajibu wa kuyatetea. Sheria ya mazingira ya Julai 2011 ipo, na ile ya kuhifadhi maumbile ya Februari 2014 ipo. Zote zimelala Kinshasa, na sisi tunalala hapa. Kwa hiyo ninadai mambo yaliyo ndani ya uwezo wa watu wanaovaa kandambili kama mimi.

Kwanza, kila shefu wa kijiji au wa kartie achague kijito kimoja, kimoja tu, na aseme mbele ya watu: hiki hakitiwi sumu, hakipitishwi chandarua, hakioshewi udongo. Anayevunja, alipe kwa namna ambayo kijiji kitakubaliana. Pili, kila mkuu wa shule aruhusu chupa moja ya kamba darasani. Tatu, makanisa, misikiti na redio zetu, mnaotangaza kila jambo, tangazeni na hili: anayevua kwa dawa ya shamba anawalisha majirani zake dawa ya shamba. Siku ile ya kijito chetu watu walikula wale samaki. Walimwambia nani kwamba tumbo linauma? Nne, mgeni yeyote akija kununua kamba au samaki hai kwa ndoo, aulizwe kwanza: utatufundisha kuwazalisha, au umekuja kuokota tu? Kama amekuja kuokota, barabara aliyojia ndiyo hiyo.

Wengine mtasema nimekuza jambo dogo. Labda. Lakini mtu asiyeweza kutunza mnyama wa sentimeta mbili ndani ya beseni, tutamwaminije na mto Luama? Tutamwaminije na Lualaba?

Jana usiku niliwahesabu kwa tochi. Ni sitini na wawili, na majike saba wana mayai. Wote ni uzao wa wale sita wa kopo la maziwa. Nilitaka kuwarudisha kijitoni kwao mvua ilipoanza, mwanangu akanizuia. Aliniuliza: papa, na yule mtu wa dawa amekwisha kuondoka? Nilinyamaza, kwa sababu yule mtu ni mmoja wetu, na sote tulikula samaki wake au tuliwaona wakila tukakaa kimya.

Kwa hiyo kamba bado wako nyumbani kwangu. Mashefu wa hapa Kasongo, wazee, mama zetu wa mtoni, jibu liko kwenu. Mbegu ninayo. Nipeni kijito kimoja.